Kutoka Picha ya Jiji hadi Mji wa Kanga

Kanga ina sehemu tatu kuu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka kitambaa pande zote nne. Jina ni ule msemo mfupi unaoandikwa karibu na pindo la chini, nao mji ni uwanja mpana wa katikati unaobeba mchoro. Kwa wanafunzi wanaonuia kuzigeuza picha za jiji la Nairobi kuwa kanga, sadfa hii ya msamiati si mchezo wa maneno tu. Mji wa kamera na mji wa kanga ni miji miwili tofauti, na ushirikiano wao hufaulu au kufeli katika safari ya kutoka mmoja hadi mwingine.

Mradi wa aina hii aghalabu huwakutanisha mpiga picha, msanifu wa vitambaa na mwanafunzi wa Kiswahili. Tatizo huzuka mapema pale mpiga picha anapotaka picha yake ichapwe ilivyo. Tuseme ni picha ya jumba la KICC, lililokamilika mwaka 1973. Picha hiyo ina vivuli na rangi zisizohesabika, ilhali katika uchapaji wa mkono kila rangi huhitaji fremu yake yenye wavu mwembamba. Isitoshe, kanga huvaliwa. Ikizungushwa kiunoni, mnara hukunjika na kilele hupotelea mgongoni. Hivyo basi, msanifu hana budi kuuliza ni kitu gani katika picha kinachostahimili kukunjwa na kurudiwarudiwa. Yamkini si jumba zima bali mistari yake ya wima, au umbo la pia la ukumbi ulio kando ya mnara. Mpiga picha asipokubali picha yake ipunguzwe hivyo, heri aitundike ukutani.

Baada ya kupunguzwa, mchoro huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu. Wavu hupakwa dawa inayoganda ipigwapo na mwanga, kisha karatasi hulazwa juu yake na taa kuwashwa. Penye weusi mwanga haufiki, kwa hivyo dawa hubaki laini na huoshwa kwa maji. Rangi itapenya hapo. Mwanga ulioifanya kazi ya kwanza ndani ya kamera, hapa huifanya mara ya pili. Fremu ya rangi ya pili ikikaa upande hata kidogo, kosa huonekana katika kila doti, yaani katika kila jozi ya kanga.

Kuhusu jina, Mswahili wa kikundi huitwa mwisho kabisa, kana kwamba maneno ni nakshi ya kujazia nafasi. Ni kweli kwamba kanga za awali hazikuwa na maandishi. Mtindo huo ulienea mwanzoni mwa karne ya 20, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, hutajwa miongoni mwa waasisi wake. Lakini tangu hapo wanunuzi wengi husoma kwanza, kisha ndipo wakatazama rangi. Picha ya mlango wa matatu ikiandikwa "Nairobi jiji letu zuri", hilo ni tangazo. Ikiandikwa "Umeshuka, usiniulize nafika wapi", hapo pana fumbo, pana anayesema na anayeambiwa, na mlango ule unakuwa kisa cha watu wawili. Jina la namna hiyo haliwezi kubandikwa baadaye. Lazima mwenye kulitunga awepo picha zinapochaguliwa.

Lipo pia suala la haki, na hili huvunja vikundi vingi kuliko wino. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mpiga picha, hivyo msanifu huhitaji idhini yake hata kama ameichora upya. Naye muuza mitumba wa Gikomba ambaye uso wake umenaswa ana haki yake: picha inayomtambulisha ni data yake ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Si haki uso wake ukauzwe madukani naye hajaulizwa. Inafaa aulizwe, na mgao wa mapato uandikwe na kutiwa saini na wote watatu, mtunzi wa jina akiwemo, kabla fremu ya kwanza haijapakwa dawa.