SABUNI YA DADA, MBUZI WA DOGO: NANI ANAKULA MSHIKO?

Ukimtajia mtoto wa Dar jina la Chanika, akili yake inakimbilia Gongo la Mboto na kwendelea mbele. Siyo hiyo, mshikaji! Chanika ya leo ni ya Handeni, mkoani Tanga, mwendo wa basi kutoka Korogwe. Wengine Handeni wanaijua kwa waganga tu. Wangeuliza habari za mbuzi wangejifunza mengi zaidi.

Mbuzi Handeni si jambo geni. Geni ni yule wa kukamuliwa. Mbuzi wetu wa kienyeji ana maziwa ya kumtosha mwanawe, basi. Wale wa maziwa wenye asili ya Ulaya waliletwa nchini kwa miradi. Wa Kinorwe walifika Mgeta, milima ya Uluguru, miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na aina ya Toggenburg ikaingia Babati. Mgeta ni baridi, Handeni jua linawaka, ndiyo maana kijana mwenye akili hukimbilia chotara, aliyechanganywa na damu ya kienyeji. Maziwa yanapungua kidogo, lakini mnyama haanguki ovyo.

Sasa njoo kwenye dili lenyewe. Tuwachukue watu wawili wa mfano. Dada Msabuni anapika sabuni za vipande uani kwake, mafuta ya nazi kutoka pwani ya Pangani na mawese kidogo. Sabuni yake ni nzuri, lakini dukani inakaa pembeni ya za viwandani zenye makaratasi ya kung'aa, na mteja anauliza bei tu. Dogo Mbuzi ana majike mawili ya chotara. Kila jike linatoa lita moja kwa siku, na majirani wanakunja pua: "Maziwa ya mbuzi? Yananuka beberu!" (Kwa kweli yakinuka, mara nyingi kosa ni la mfugaji aliyemfunga beberu banda moja na wanaokamuliwa.)

Wanakutana. Dada anasema, "Mdogo wangu, niletee maziwa niyatie kwenye sabuni." Dogo anaruka: nimepata soko! Usiku halali, anahesabu lita 14 kwa wiki mara shilingi 3,000.

Hapo ndipo ushirika mwingi wa namna hii unapofia, hata kabla sabuni haijakauka. Tuhesabu pamoja.

Kwenye sabuni ya kugandisha bila kupika, maziwa yanachukua nafasi ya maji. Kilo 3 za mafuta zinataka kama lita moja ya maziwa, pamoja na kostiki soda inayopimwa kwa mizani kulingana na aina ya mafuta. Mchanganyiko huo unatoa vipande kama 40 vya gramu 100. Umeona? Lita moja, vipande 40! Dada akiuza vipande 80 kwa wiki, na hapo amehangaika kweli, anahitaji lita mbili. Dogo anabaki na lita 12 mkononi, na mshiko wake ni shilingi 6,000.

Halafu siku moja anapita dukani, anakuta kipande kinauzwa shilingi 2,500. Anazidisha kwa 80. Laki mbili! "Dada ameniibia!"

Hajaibiwa, mpenzi msomaji. Ndani ya laki mbili ile kuna mafuta, kostiki, karatasi, nauli, faida ya mwenye duka, na vipande vilivyovunjika. Kuna pia pesa iliyolala, maana sabuni hiyo inakaa rafuni wiki nne au zaidi ikikauka, haiuziki. Kazi yenyewe nayo siyo mchezo. Kostiki inachoma ngozi na macho, na ukiitia kwenye sufuria ya alumini inaila sufuria. Ukiimwaga kwenye maziwa ya uvuguvugu, maziwa yanaungua, yanageuka kahawia na kunuka vibaya. Inabidi yagandishwe kwanza kama barafu, kisha kostiki inyunyizwe kidogo kidogo.

Lakini Dogo naye ana hoja, na hapa mimi nasimama upande wake. Kinachomfanya mteja aache sabuni ya kiwandani achukue hii ni jina la mbuzi. Bila mbuzi, Dada anarudi pembeni ya rafu. Jina lile halipimwi kwa lita.

Kwa hiyo waache kupatana kwa lita, wapatane kwa kipande. Tuseme shilingi 150 kwa kila kipande kilichouzwa: vipande 80 ni shilingi 12,000, mara mbili ya ile ya mwanzo. Sabuni ikishika soko, Dogo anapanda nayo; isipouzika, wote wanakunja uso. Waandike, wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na waandike pia nani anabaki na jina la sabuni wakigombana. Msione aibu kuliandika hilo mkiwa bado mnacheka.

Jambo lingine la kuandika: jike hubeba mimba miezi mitano, na miezi miwili ya mwisho lazima liachwe likauke maziwa. Dada asije akagonga mlango usiku akidai lita zake. Agandishe akiba mapema, na aombe umeme usikatike siku tatu.

Na tafadhali, Dada, usiandike kwenye karatasi kwamba sabuni inatibu ukurutu na chunusi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na mteja aliyeahidiwa uponyaji akakosa harudi tena. Sabuni inasafisha. Uganga tuwaachie wenyewe. Kama viwango vinakuchanganya kichwa, SIDO wapo Tanga mjini, kazi yao ni kusaidia viwanda vidogo kama chako.

Lita 12 zilizobaki je? Zichemshwe vizuri, maana maziwa mabichi yana magonjwa, ziingie kwenye chai ya nyumbani na mtindi. Majirani wataonja tu, pua zitanyooka. Ila tusidanganyane, utajiri wa Dogo uko kwenye watoto wa mbuzi. Jike chotara la kuuzia mfugaji mwingine linaleta pesa ambayo maziwa ya sabuni hayaifikii kwa miezi. Sabuni inamtangazia banda lake: kila kipande kinachotoka Chanika kikienda Korogwe au Dar kinamwambia mtu kwamba kuna kijana Handeni mwenye mbuzi wa maziwa. Namba yake ya simu na ikae nyuma ya karatasi, chini ya ile ya Dada.