Moshi Mweusi: Tuzijue Nozeli za Dizeli

Ndugu wanachama, kikundi chenye pikapu ya dizeli ya kupeleka maembe Kongowea chajua hili: gari likilala gereji, maembe yaoza na pesa za wote zapotea. Basi tuielewe nozeli, kifaa kidogo chenye gharama kubwa.

Nozeli ni nini? Ndiyo inayorusha dizeli ndani ya silinda kwa nguvu nyingi, laini kama ukungu, ipate kuungua yote. Tundu zake zikiziba au zikilika, dizeli yatoka matone matone na haiungui sawasawa.

Dalili ni hizi:
1. Moshi mweusi kwenye ekzosi, hasa gari likipanda mlima na mzigo.
2. Asubuhi gari lachelewa kuwaka na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli.
3. Injini yagonga au yatetemeka gari likiwa limesimama.
4. Mafuta yaisha upesi na nguvu hakuna.

Lakini msikimbilie kununua nozeli mpya! Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya Marafa pia huleta moshi mweusi. Anzeni na filta ya hewa, kisha ya dizeli. Hali ikiwa ile ile, nozeli zifunguliwe zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Mwanachama mmoja awepo, aone kwa macho ipi yatona.

Nini huziharibu? Kwanza uchafu na maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na tangi likilala nusu tupu maji hujikusanya ndani. Mwageni maji ya filta mara kwa mara. Pili, dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma, kwa hivyo pampu na nozeli hulika. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Dizeli rahisi ya dumu, muiogope.

Hatari: msiweke kidole mbele ya nozeli inayorusha. Dizeli hutoboa ngozi. Kidonda chaonekana kidogo, lakini mtu aweza kukatwa kidole. Akimbizwe hospitali mara moja. Wala msilegeze paipu za injini za kisasa zikiwa zinawaka.

Mwisho, dereva aandike lita na kilomita kila safari. Kitabu kitawaambia mapema kuliko moshi.