Mafuta ya Mgando na Ngozi ya Uso

Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana daftari na kalamu. Weka pia mezani nyanya moja, kisu, visahani viwili na kopo la mafuta ya mgando. Tutavitumia.

Kigoma mvua hukoma karibu na mwezi wa Mei, na kiangazi huendelea mpaka mwezi wa Septemba. Jua ni kali, upepo unavuma, vumbi linatimka. Ngozi ya uso hukauka na midomo hupasuka.

Mama mmoja muuza dagaa ametuuliza hivi: "Mwalimu, kila siku napaka mafuta ya mgando usoni, lakini ikifika saa sita uso umekauka tena. Jirani yangu ananishauri ninunue krimu nyingine sokoni. Nifanye nini?"

Mama, ahsante kwa swali lako. Kwanza tulitaka kujua anapaka lini. Alisema kwamba huamka alfajiri, hunawa uso kwa sabuni, hujifuta mpaka akauke kabisa, kisha huenda kuanika dagaa. Akirudi ndipo hupaka mafuta. Basi, kosa liko hapo. Mafuta yake ni mazuri, ila yanachelewa.

Mafuta ya mgando ni nini?

Mafuta haya hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, yale yale yanayotupatia mafuta ya taa na petroli. Mwaka 1859 Mmarekani mmoja, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, mahali palipochimbwa visima vya mafuta huko Marekani. Aliona wafanyakazi wakipaka michubuko yao uto mzito ulioganda kwenye mitambo. Akauchukua, akausafisha kwa muda mrefu, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Aliyaita mafuta hayo Vaseline. Wengi wetu huita hivyo hata leo, ingawa makampuni mengi huyatengeneza.

Yanafanyaje kazi?

Sasa, kiongozi, kata nyanya vipande viwili sawa. Kipande kimoja kipake mafuta ya mgando mahali palipokatwa. Cha pili usikipake kitu. Viweke kwenye visahani mpaka kesho. Mtaona kwamba kipande kisichopakwa kimeanza kunyauka, lakini kilichopakwa bado kina majimaji.

Ngozi yetu ni kama nyanya ile. Ndani yake mna maji, na maji hayo hutoka polepole yakaenda hewani. Mafuta ya mgando hayaongezi maji. Kazi yake ni kufunika, kama kifuniko cha mtungi. Ukifunika mtungi wenye maji, maji yatabaki. Ukifunika mtungi mtupu, umefunika utupu.

Wazee wa Kigoma walilijua jambo hili zamani. Walipaka mafuta ya mise, yanayotokana na kokwa za chikichi. Nayo hufunika ngozi. Tofauti moja ni kwamba mafuta ya mimea huweza kuchacha yakikaa, lakini mafuta ya mgando hayachachi.

Jinsi ya kupaka

1. Nawa mikono kwanza. Kidole kichafu huingiza uchafu koponi.
2. Nawa uso kwa maji safi. Sabuni kali isitumike mara nyingi, maana huondoa mafuta ya asili ya ngozi.
3. Gusa uso kwa kitambaa safi, usisugue. Uso ubaki na unyevu kidogo.
4. Papo hapo chukua mafuta kidogo sana, kadiri ya punje ya haragwe. Yasugue viganjani mpaka yalainike, kisha upake uso na midomo.

Usiku kabla ya kulala ni wakati mzuri, kwa kuwa vumbi halikushiki.

Mambo ya kuangalia

Mafuta haya hayazuii jua. Anayeshinda juani avae kofia pana. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji zaidi: mafuta maalum ya kukinga jua, na nguo za mikono mirefu.

Mwenye chunusi nyingi asipake uso mzima. Apake midomo tu. Usitie mafuta haya ndani ya pua ya mtoto, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mtu akiungua moto, mpozeni kwanza kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msikimbilie mafuta.

Na ile krimu ya jirani? Mama, soma kopo kabla ya kutoa fedha. Krimu nyingine ni za kuchubua ngozi, na watu huzichanganya wakaziita mkorogo. Baadhi zina zebaki, ambayo hudhuru figo, au haidrokwinoni, ambayo huweza kuharibu ngozi. Vitu hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, lakini makopo hupenya sokoni.

Maandishi ya makopo mara nyingi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo, kiongozi, andika maneno matatu ubaoni kwa herufi kubwa. La kwanza ni PETROLEUM JELLY: hayo ni mafuta ya mgando. La pili ni MERCURY: hiyo ni zebaki. La tatu ni HYDROQUINONE: hiyo ni haidrokwinoni. Ukiona la pili au la tatu, rudisha kopo. Kopo lisilo na maandishi yoyote pia liache. Hii ndiyo faida ya kusoma, ndugu zangu: macho yako mwenyewe yanalinda uso wako.

Maswali

1. Kwa nini yule mama alibaki na uso mkavu?
2. Mafuta ya mgando huongeza maji au huyazuia yasitoke?
3. Taja watu wawili wanaopaswa kuwa waangalifu, na sababu zake.
4. Andika daftarini maneno matatu yaliyo ubaoni. Lipi ni salama?

Kesho tazameni nyanya zenu, mwandike mlichoona. Kwa herini, wasikilizaji.