Kinachoamua Idadi ya Watoto Vijijini

Mwanamke wa kijijini Tanzania huzaa kwa wastani watoto 5.5 maishani mwake. Wa mjini huzaa 3.6. Ndivyo ulivyoonyesha utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Ni rahisi kusema wa kijijini hajaelimika, lakini kauli hiyo haimtendei haki.

Kwanza kuna umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Anayeanza kuzaa katika umri huo ana takriban miaka 30 ya uzazi mbele yake. Shule humchelewesha msichana kuolewa, ndiyo maana kufutwa kwa ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016 kuna uzito mkubwa hata katika suala la uzazi.

Kisha kuna maisha yenyewe. Shamba la jembe la mkono linataka mikono mingi. Ng'ombe wachungwe, maji yatekwe, kuni ziletwe. Kwa kawaida mkulima hana pensheni, hivyo uzeeni tegemeo lake ni wanawe. Tena wazazi wengi wamezika watoto. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikadiriwa kufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2022 walikuwa 43. Hofu ya msiba, hata hivyo, haiondoki upesi kama takwimu zinavyoshuka.

Zamani miiko ilisaidia kupanga uzazi. Mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha aliambiwa amembemenda mtoto, yaani amemdhoofisha, na aibu hiyo iliwatenganisha wenza kwa muda mrefu. Miiko imelegea, na njia za kisasa hazijaziba pengo: mwaka 2022 zilitumiwa na asilimia 31 tu ya wanawake walio kwenye ndoa. Zahanati iko mbali, au sindano zimekwisha, au pamezuka uvumi kwamba kijiti cha kuzuia mimba huleta ugumba. Na mara nyingi mume au mama mkwe ndiye mwenye kauli. Wapo wanaochomwa sindano kwa siri kwa sababu hiyo, na hakuna mwanamke anayestahili kuificha afya yake nyumbani kwake.

Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Waume nao waende.