Mzunguko wa Joto kwa Paka Jike na Utata wa Istilahi Yake katika Kiswahili

Katika Kiswahili cha kila siku, kusema kwamba mtoto "ana joto" ni kusema kwamba anaugua homa. Neno hilohilo hutumiwa na wataalamu wa mifugo kutaja kipindi ambacho mnyama jike yuko tayari kupandwa. Mfugaji wa ng'ombe amekwisha kuizoea istilahi hiyo. Kwa mwenye paka hali ni tofauti. Paka aliye kwenye joto hulia mfululizo usiku, hugaagaa sakafuni, huinua kiuno huku akiuweka mkia kando, na pengine hupunguza kula. Tofauti na mbwa, kwa kawaida hatokwi na damu. Ni rahisi basi kudhani kwamba ana homa au maumivu na kumpa dawa ya binadamu. Hapo ndipo utata wa neno unapoweza kugharimu uhai, kwani ini la paka haliwezi kuichakata parasetamoli ipasavyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Joto la mwili wake, likipimwa, huwa la kawaida: takribani nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi.

Kifiziolojia, hali hiyo husababishwa na estrojeni inayotolewa na vifuko vya mayai vinavyokua katika ovari. Wengi huanza kuipata wakiwa na miezi 6 hadi 9, ingawa wapo wanaoianza na miezi 4. Kila kipindi huchukua wiki 1 hivi. Kinachomtofautisha paka na wanyama wengi wafugwao ni kwamba, kwa kawaida, yai lake halitoki lenyewe: tendo la kupandwa ndilo linaloichochea tezi ya pituitari kumwaga homoni ya kulitoa, na mara nyingi tendo moja halitoshi. Ndiyo maana watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti. Asipopandwa, joto hutulia, kisha hurudi baada ya wiki 1 hadi 3. Akishika mimba, huzaa baada ya siku 63 hadi 65 hivi.

Vitabu vya taaluma hii, ambavyo vingi vimeandikwa kaskazini mwa dunia, hueleza kwamba paka huzaa kwa msimu: mchana ukirefuka, melatonini hupungua na ovari huamka, mchana ukifupika, hulala. Maelezo hayo ni sahihi huko, lakini hayafai kunakiliwa kwa Lamu, iliyo nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Mwanga hautoi ishara ya kupumzika, hivyo jike huweza kupata joto mwezi wowote, wakati mwingine hata kabla hajaachisha watoto kunyonya. Mpango wa kufunga uzazi wa paka wa vichochoroni unaosubiri "msimu" utachelewa daima, ilhali upasuaji huo huweza kufanywa tangu miezi 4, kabla ya joto la kwanza kwa walio wengi.