Tovuti ya biashara yako imeandikwa jina la nani?

Mwezi wa Agosti sisi washonaji wa Kolwezi hatupati usingizi. Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na kila mtoto anataka nguo nyeupe juu na buluu chini. Mimi nina mashine tatu upande wa Manika, na majuma hayo machache ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba ya kazi kwa mwaka. Ndiyo maana sisahau siku mteja wangu wa Luilu aliponipigia telefone: "Mama, umefunga? Nafungua saiti yako, naona matangazo ya michezo ya bahati tu."

Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimepoteza jina.

Tovuti hiyo nilitengenezewa na kijana mmoja wa mtaani, mwenye heshima na mwepesi wa mikono. Zamu yangu ya likelemba ilipofika nilimpa dola 150, akapiga picha za nguo, akaandika bei, ikapendeza. Jambo moja tu sikumwuliza: jina la tovuti amelinunua kwa jina la nani? Alilinunua kwa jina lake, kwa imeli yake, kwa kadi yake ya benki. Hakuwa mwizi. Wengi wetu hatuna kadi ya kulipia kwenye intaneti, pesa zetu ziko M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, basi mwenye kadi anatulipia na mambo yanaendelea. Lakini jina la tovuti halinunuliwi mara moja kwa maisha, kila mwaka linalipiwa tena. Mwaka ulipoisha, onyo la kulipa lilikwenda kwenye imeli ambayo kijana hafungui tena. Alikuwa amehamia Lubumbashi na kubadilisha namba. Jina likaachwa, mtu mwingine akalichukua. Nilipowaandikia waliouza jina, jibu lao lilikuwa fupi: mwenye jina ni yule aliyejiandikisha. Mimi sikujiandikisha.

Kibao changu cha barabarani kilikuwa na jina lile. Nilikipaka rangi upya, katikati ya Agosti, wateja wakiningoja mlangoni.

Sisi watu wa mji huu tunajua mambo ya parseli. Hakuna anayejenga nyumba ya matofali bila kuuliza karatasi ziko kwa jina la nani, hasa hapa ambapo mgodi unaweza kukufikia mpaka ukutani na asiye na karatasi akahangaika kudai fidia. Tovuti nayo ina parseli yake. Jina ndilo parseli, lile linaloishia .com, au .cd, herufi za nchi yetu tangu 1997, zilizochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire. Nyumba ni nafasi unayokodi kwenye kompyuta za kampuni fulani ili kurasa zako zikae humo. Picha na maneno ni vyombo vya ndani. Vyombo unahamisha, nyumba unajenga tena. Parseli ikienda, kila aliyejua njia ya kwako anapotea.

Kwa hiyo siku ya kumlipa kijana, kaa naye bega kwa bega. Fungua imeli yako mwenyewe, yenye neno la siri ambalo yeye halijui. Akaunti ya kununulia jina ifunguliwe kwa imeli hiyo na kwa namba yako. Akilipa kwa kadi yake nawe ukamrudishia kwa telefone, hakuna ubaya. Kisha akuandikie kwenye karatasi: nani aliuza jina, nafasi imekodiwa wapi, tarehe ya kulipa tena, na maneno ya siri yote. Kama amejenga kwa WordPress, programu ambayo yenyewe ni ya bure, wewe uwekwe kuwa msimamizi. Nusu ya pesa ibaki mkononi mwako mpaka uingie peke yako, kwa telefone yako, yeye akitazama tu. Mwenye tovuti tayari anaweza kuangalia leo: ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lina ukurasa wa bure ambao ukiandika jina la .com unakuonyesha nani aliliuza na siku litakapokwisha.

Wengine wataniambia: mama, za nini hizi zote, mimi nauzia WhatsApp. Ni sawa, na kwa muuza mikate au sombe sioni sababu ya kulipia tovuti. WhatsApp Business iliyotoka mwaka 2018 ni ya bure, na unaweza kupanga humo picha za vitu na bei zake. Google nayo inakuweka kwenye ramani bila malipo, msaada mkubwa katika mji ambao tunaelekezana "ukipita mwembe, uliza". Lakini hata namba ya telefone ni parseli. Kadi ya SIM iliandikwa jina la nani? La mume, la shemeji, la kijana anayeuza unite barabarani? Sheria ya mwaka 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa lile sharti la mke kuomba ruhusa ya mume, kwa hiyo namba ya biashara iandikwe jina la mwenye biashara. Na zile tarakimu sita ambazo WhatsApp inakutumia, usimpe mtu, hata akijiita binamu yako.

Cha bure pia kina mwenyewe. Google iliwahi kuwapa wenye maduka tovuti ndogo za bure. Machi 2024 ikazizima, na Juni mwaka huo viungo vyake vikakoma kufanya kazi. Tena intaneti yenyewe ilikatwa nchini kwetu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikakaa siku ishirini hivi. Namba za wateja wangu sasa ziko pia kwenye daftari, kwa kalamu.

Tovuti yenye jina lako inamfaa hasa anayetaka kushonea makampuni salopeti au kupeleka chakula kwenye ofisi. Sheria ya Februari 2017 inawawekea makampuni ya Wakongomani kazi ndogondogo zinazotolewa na migodi, lakini mnunuzi anataka kuona RCCM, namba ya kodi na picha za kazi yako. Ukurasa mmoja wa Kifaransa unatosha, kwa sababu anatafuta kwa Kifaransa. Picha zipunguzwe uzito kwanza. Kumi zilizotoka kwenye telefone kama zilivyo zinaweza kumla mteja mega thelathini au arobaini, naye atafunga kabla hajaona bei.

Jina langu jipya linaishia .cd. Tarehe ya kulipa nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, na karatasi ya maneno ya siri iko sandukuni pamoja na hati za parseli. Binti yangu mkubwa anajua ufunguo uko wapi.