Kuhama mara ya pili: Maisha ya Wasomali na majirani zao katika mtaa wa Nechells, Birmingham

Mtu aliyekwisha kupata hifadhi, nyumba na pasi ya nchi ya Ulaya hutarajiwa kutulia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya Wasomali waliokuwa wamepata uraia wa Uholanzi walifunga virago tena, wakavuka bahari na kuingia Uingereza. Wengi walielekea London na Leicester, na wengine walikwenda Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa nchini humo, lenye wakaazi zaidi ya milioni 1.1.

Miongoni mwa mitaa ya jiji hilo yenye Wasomali wengi ni Nechells. Humo wanaishi pia Wakongo, Waeritrea, Wapakistani, Wabangladesh na watu wa visiwa vya Karibiani. Kwa nini mtu aliyekwisha kuwa mgeni mara moja akubali kuanza ugeni upya? Na maisha ya kila siku ya mtu huyo yakoje?

Mtaa wa makaa na gesi

Nechells uko kaskazini-mashariki ya kitovu cha Birmingham, safari fupi kwa basi. Kwa zaidi ya karne moja, mtaa huo uliishi kwa reli, mifereji ya maji, makaa ya mawe na mitambo ya gesi. Mwezi Februari 1972, wakati wa mgomo wa wachimba makaa wa Uingereza, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham walimiminika penye bohari la makaa la Saltley, lililokuwa Nechells, kuwaunga mkono wagomaji. Tarehe 10 mwezi huo malango ya bohari yalifungwa.

Kazi hizo zimetoweka. Kituo cha kuzalisha umeme kilifungwa mwaka 1982, na mahali pake pakajengwa Star City, jumba la sinema, michezo na migahawa lililofunguliwa mwaka 2000.

Nyumba nazo zilibadilika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, halmashauri ya jiji ilibomoa nyumba chakavu za mafundi na vibarua. Nechells na Duddeston zilikuwa miongoni mwa maeneo matano yaliyopangwa kujengwa upya, na maghorofa ya kwanza yaliinuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kodi ikiwa nafuu na kazi zikiwa karibu, mtaa ukawa mahali pa kuanzia kwa kila kundi jipya la wageni.

Njia mbili za kufika

Wasomali si wageni wapya Uingereza. Mabaharia wao walikuwa wakiishi katika bandari za Cardiff na Liverpool tangu karne ya 19. Lakini Birmingham haina bandari, na idadi yao huko ilikuwa ndogo hadi vita vilipozuka nchini mwao. Mji wa Hargeisa ulishambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, na serikali ya Siad Barre ikaanguka Januari 1991. Mamia ya maelfu walikimbilia Kenya na Ethiopia, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya.

Walioingia Birmingham walipitia njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya waomba hifadhi. Kufuatia sheria ya mwaka 1999, serikali ya Uingereza ilianza Aprili 2000 kuwatawanya waomba hifadhi kutoka London na kusini-mashariki kwenda miji mingine, Birmingham ikiwamo. Hawa hawakuchagua mahali pa kwenda.

Njia ya pili ni ya wale waliochagua. Raia wa Uholanzi, kama raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, walikuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza bila viza.

Watafiti waliozungumza na familia hizo walisikia sababu zinazofanana. Uholanzi ilikuwa imewagawa wakimbizi katika miji midogo, familia moja moja, ili wajifunze lugha na mila za nchi haraka. Matokeo yake, mama aliweza kukaa siku nyingi bila kukutana na mtu wa kuongea naye kwa lugha yake. Kufungua duka kulihitaji vyeti na vibali vingi. Watoto wa Uholanzi huelekezwa kwenye aina ya shule ya sekondari wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wazazi wengi waliona watoto wao wakipelekwa kwenye mafunzo ya kazi za mikono badala ya njia ya chuo kikuu. Zaidi ya hayo, watu waliosoma Hargeisa au Nairobi walikuwa tayari wanajua Kiingereza.

Hawakuhamia kwenye raha. Wengi waliacha nyumba pana na mpya wakaingia katika nyumba ndogo za zamani, zenye unyevu kutani. Walichopata ni msikiti wa kufika kwa miguu, duka la nyama halali, na jirani wa kumwachia mtoto mama anapokwenda kazini. Kwa maneno mengine, walibadilisha nafasi kwa ujirani.

Ujirani unavyofanya kazi

Thamani ya ujirani huo huonekana katika wiki za kwanza. Mgeni anahitaji nambari ya bima ya taifa ili aandikishwe vizuri kazini. Anahitaji akaunti ya benki ili alipwe mshahara. Benki humtaka athibitishe anwani, mara nyingi kwa barua au bili iliyoandikwa jina lake, naye hawezi kuwa na bili kabla ya kupata nyumba. Mwenye nyumba naye hutaka kuona mshahara. Anayelikata duara hilo ni yule aliyetangulia kufika. Yeye ndiye humpa mgeni chumba, humwandikia barua, humsindikiza kwa daktari wa mtaa na kumwonyesha jinsi ya kulipia umeme dukani kabla ya kuutumia, jambo ambalo Mtanzania aliyezoea Luku hulielewa mara moja.

Hapo ndipo Kiswahili nacho hupata nafasi. Msomali aliyekulia Eastleigh, Mombasa au katika kambi za Dadaab, na Mkongo aliyetoka Bukavu au Goma, hawana lugha ya mama moja. Mbele ya kaunta ya duka wanaelewana kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza chao kukomaa. Na kwa watu wa Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia, Chimwini wanachozungumza nyumbani ni lahaja ya Kiswahili.

Saa za huko na saa za nyumbani

Jambo ambalo mgeni kutoka pwani huchukua muda mrefu kulizoea ni jua. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa, kwa sababu karibu na ikweta jua halibadilishi sana nyakati zake. Birmingham iko mbali kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mwishoni mwa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kutua saa tatu na nusu usiku. Ramadhani ilipoangukia mwezi Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2015 hadi 2017, Waislamu wa Nechells walifunga kwa takriban saa 18 kila siku, na wengi walifunga huku wakifanya kazi.

Kazi zenyewe mara nyingi hufuata saa ambazo wengine wamelala. Msafisha ofisi hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mpakiaji wa ghala huingia zamu ya usiku. Dereva wa teksi husubiri wanaotoka kwenye starehe. Tangu Juni 2021 dereva huyo anapoingia katikati ya jiji na gari lisilofikia kiwango cha usafi wa hewa, hutozwa pauni 8 kwa siku.

Afrika Mashariki nayo iko mbele kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Kukipambazuka Mombasa mwezi Januari, ni saa tisa usiku Birmingham. Simu inayolia saa hiyo haipokelewi kwa furaha: aliyeko ughaibuni hujua kwamba mara nyingi inaleta habari ya ugonjwa au msiba, na kwamba baada ya pole yatafuata mazungumzo ya fedha.

Fedha za nyumbani

Kwa Msomali, kutuma fedha si hisani ya sikukuu. Ni kodi ya nyumba ya mama, karo ya mpwa na dawa ya shangazi. Kwa kuwa Somalia ilikaa miongo miwili bila mfumo wa benki unaotegemewa, fedha hizo hupitia kampuni za hawala: mtu hulipa Birmingham, wakala wa Garowe au Nairobi humpa ndugu yake, kisha kampuni husawazisha hesabu baadaye.

Mfumo huo ulitikiswa mwaka 2013, benki ya Barclays ilipotangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma fedha kwa hofu ya kukiuka sheria dhidi ya fedha haramu na ufadhili wa ugaidi. Wakati huo, fedha zilizotumwa Somalia kutoka nje zilikadiriwa kufikia dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Kampuni ya Dahabshiil ilikwenda Mahakama Kuu mjini London na kupata amri ya muda Novemba 2013. Pande hizo mbili zikapatana mwaka uliofuata. Kwa familia za Nechells, mvutano huo wa mabenki ulikuwa na maana moja: huenda mwezi ujao mama asipate kodi.

Gharama ya kazi

Wasomali hawako peke yao katika kuhama mara ya pili. Asubuhi ya tarehe 7 Julai 2016, siku moja baada ya Idd el Fitr, ukuta wa zege uliozuia shehena ya vyuma uliporomoka katika kiwanda cha kuchakata taka za chuma huko Nechells. Wanaume watano waliokuwa wakisafisha upande wa pili walikufa papo hapo. Walikuwa na asili ya Gambia na Senegal, na walikuwa wamefika Birmingham kupitia Hispania, ambako walipata uraia. Kila mmoja alikuwa na watu wanaomtegemea.

Hukumu ilichukua karibu miaka saba. Mwezi Mei 2023 kampuni mbili zilitozwa faini ya jumla ya pauni milioni 1.6, na wakurugenzi wawili wakapewa vifungo vya miezi tisa vilivyoahirishwa. Mahakama ilielezwa kwamba hatari ya ukuta huo ingeweza kuonekana mapema.

Hati na kesho

Njia waliyoitumia watu wa Uholanzi na wa Hispania sasa imefungwa. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Raia wa Umoja huo waliokuwa tayari wanaishi nchini walitakiwa kuomba hadhi ya ukaazi kabla ya tarehe 30 Juni 2021 kumalizika. Wazee wasiojua kutumia kompyuta walitegemea tena mtoto wa jirani.

Kwa aliye na pasi ya Uholanzi, kuomba uraia wa Uingereza kuna mtego: isipokuwa katika hali maalumu, Mholanzi anayechukua uraia mwingine kwa hiari hupoteza ule wa kwanza. Waafrika Mashariki wengine wanaujua mtihani huo. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya mwaka 2010, lakini Tanzania haiwaruhusu watu wazima kuwa nao.

Wakati huo huo jiji lenyewe limepungukiwa. Mwezi Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Kodi ya halmashauri ikapandishwa kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024 na asilimia 7.5 mwaka 2025, huku huduma zikipunguzwa. Mwaka 2025 mgomo wa wazoa taka uliacha marundo ya mifuko mitaani.

Baadhi ya wazazi waliohama mara mbili sasa wanazungumzia safari ya tatu, kurudi Hargeisa au Nairobi. Watoto wao, wanaozungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Birmingham, hawaoni kwamba wako ugenini. Kwao Nechells ndiko nyumbani, na ikiwa wazee wataondoka, wao ndio watakaobaki kumpokea mgeni anayefuata na kumwonyesha duka la kulipia umeme.